Kabla ya Kulipia Elimu ya Utajiri wa Ardhi na Nyumba

Mazungumzo na wakazi wa Mutukula na vijiji vya mpakani



Huenda baadhi yenu mlitarajia kwamba leo tungezungumzia magendo, wizi wa mifugo au mwendo wa bodaboda barabarani. Mambo hayo tutayarudia siku nyingine. Leo tumeombwa na viongozi wa vijiji tuzungumze juu ya jambo linaloingia majumbani kwa upole, kwa njia ya mabango, redio na ujumbe wa simu: mafunzo ya kulipia yanayoahidi kumfundisha mtu namna ya kutajirika kwa kununua na kuuza ardhi na nyumba. Swali tuliloulizwa ni hili: je, mafunzo hayo yana thamani ya fedha yanayotoza?

Tunajua kwamba mtu anaweza kuuliza, polisi na semina wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba mwananchi anapofika kituoni kulalamika juu ya semina ya namna hii, mara nyingi fedha imekwisha kuondoka na mlango wa sheria umebaki wazi kidogo tu. Mwenye shamba hapa kwetu hapokei mshahara kila mwezi. Fedha anayolipia kozi ni kahawa ya msimu mzima, au ng'ombe aliyekuwa awe karo ya watoto, au mkopo wa chama cha akiba ambao jirani zake wawili wamemdhamini. Fedha hiyo ikipotea, hapotezi yeye peke yake. Ndiyo maana tumeona ni afadhali tuzungumze kabla ya malipo kuliko kuandika maelezo baada yake.

Kwanza tuelewane juu ya bidhaa yenyewe. Semina za aina hii, popote zinapofanyika duniani, hujengwa kama ngazi. Daraja la kwanza ni bure: saa moja au mbili katika ukumbi wa hoteli, chai na maandazi, na mzungumzaji anayeeleza jinsi alivyoanza akiwa hana kitu. Daraja la pili hulipiwa kiasi ambacho mtu wa kipato cha kati anaweza kukikusanya kwa kujibana, nalo ni mafunzo ya siku mbili au tatu. Daraja la tatu ndilo lenye bei kubwa: huitwa ulezi wa karibu, au kundi la ndani, au jina lingine la kumfanya mtu ajione ameteuliwa. Anayepanda ngazi hii huambiwa katika kila daraja kwamba siri yenyewe iko katika daraja linalofuata.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Nchini Marekani, ambako biashara hii ina umri mrefu kuliko kwetu, mambo yamefika mahakamani na kumbukumbu zake ziko wazi. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo, pamoja na idara ya kulinda walaji ya jimbo la Utah, ilifungua mashtaka dhidi ya kampuni iitwayo Zurixx. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, kampuni iliwakaribisha watu katika vikao vya bure vilivyopambwa kwa majina ya watu maarufu wa televisheni, ikawauzia mafunzo ya siku tatu kwa dola 1,997, na ndani ya siku hizo tatu ikawashawishi kununua mafunzo zaidi ambayo bei yake ilifika hadi dola 41,297. Kwa fedha ya Uganda, kiasi cha kwanza ni karibu shilingi milioni 7, na cha pili ni zaidi ya milioni 140.

Katika mashtaka hayo yamo mambo mawili ambayo tunawaomba myashike vizuri. La kwanza ni kwamba wanafunzi walihimizwa wapandishe kiwango cha mikopo ya kadi zao za benki, wakidhani kwamba fedha hiyo itawasaidia kununua nyumba, kisha wakaelekezwa kuitumia kulipia mafunzo yale ya juu. La pili ni kwamba baadhi ya waliodai kurudishiwa fedha zao walitakiwa watie saini mkataba wa kunyamaza, kwamba hawatapeleka malalamiko kwa vyombo vya serikali wala hawatasema hadharani neno baya juu ya kampuni. Mwaka 2022 shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 12, na kampuni ikapigwa marufuku kuuza mafunzo ya aina hiyo.

Shauri jingine linalojulikana zaidi ni la Trump University, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2005. Mafunzo yake ya siku tatu yaliuzwa kwa dola 1,495, na daraja lake la juu lilikaribia dola 35,000. Mamlaka ya elimu ya jimbo la New York iliihoji taasisi hiyo kwa kujiita chuo kikuu bila kibali, na mwaka 2010 ikabadili jina. Mwezi Novemba 2016 mashauri ya wanafunzi na ya jimbo hilo yalimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 25, bila upande ulioshtakiwa kukiri kosa lolote. Hatuyataji haya kwa ajili ya siasa za watu. Tunayataja kwa sababu wanafunzi wale walikuwa na jina kubwa mbele yao, mikataba iliyochapwa vizuri na mahakama zenye nguvu nyuma yao, na hata hivyo ilichukua miaka mingi fedha zao kurudi. Sisi wa mpakani, ambao mwalimu wetu anaweza kuvuka lango la forodha kwa dakika chache na kubadili laini ya simu, tunapaswa kujihadhari zaidi.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wananchi wengi wanapokasirika na polisi. Kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu lipo katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda, nalo lina kifungo cha hadi miaka 5. Lakini sheria hiyo imeuwekea udanganyifu mipaka: ni maelezo ya uongo juu ya jambo lililokwisha kutokea au lililopo sasa, ambayo msemaji anajua kwamba si kweli au haamini kwamba ni kweli. Ahadi ya jambo lijalo, peke yake, haitoshi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa semina akikwambia, "Baada ya miezi sita utakuwa na nyumba tatu za kupangisha," kisha miezi sita ikapita nawe huna hata banda la kuku, hapo umeuziwa tumaini. Ni vigumu sana kwa mpelelezi kulifanya tumaini kuwa jinai. Utaelekezwa mahakama ya madai, nako utaulizwa mkataba ulisema nini. Lakini mwalimu huyo huyo akisema, "Chuo chetu kimesajiliwa na serikali," hali hakijasajiliwa. Au akisema, "Ekari hizi ishirini ni zangu na hati hii hapa," hali hati hiyo ni ya kughushi. Au akisema, "Benki imekwisha kukubali kuwakopesha wanafunzi wangu," hali benki haina habari, basi amesema uongo juu ya jambo lililopo. Hapo polisi wana pa kuanzia. Kwa hiyo mnaposikiliza maneno ya mzungumzaji, jizoezeni kuyatenga katika mafungu mawili: yale yanayoweza kuchunguzwa leo, na yale yanayongoja kesho. Yakichunguzeka leo, yachunguzeni. Yakingoja kesho, msiyalipie kwa mkopo.

Baada ya sheria, tuyapime mafunzo yenyewe. Je, kinachofundishwa kinafaa huku kwetu? Kozi nyingi zinazouzwa leo zimechukua mbinu zake katika vitabu na video za Marekani. Kule mnunuzi wa nyumba anaweza kupata mkopo wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, bei za nyumba zilizouzwa mtaani hujulikana kwa urahisi, na kuna bima ya kumlinda mnunuzi endapo hati itaonekana ina kasoro. Mbinu ya "kununua kwa fedha ya benki na kumwacha mpangaji alipe mkopo" imezaliwa katika mazingira hayo. Ukiihamisha kama ilivyo ukaileta hapa, hesabu zake hukataa.

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Tuseme nyumba inauzwa shilingi milioni 80, na mpangaji yuko tayari kulipa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, bila mwezi hata mmoja kukaa tupu, utapokea shilingi milioni 4 na laki 8, yaani asilimia 6 ya bei ya nyumba. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi, kwa utaratibu ulioanza Julai 2022, ni asilimia 12 ya kiasi kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka; hapo utatoa shilingi 237,600. Umebaki na shilingi 4,562,400, na bado hujaziba paa linalovuja. Sasa, kama fedha yote ya kununulia umeikopa benki kwa riba ya asilimia 17, riba peke yake ya mwaka wa kwanza ni shilingi 13,600,000. Kila mwaka utatafuta mahali pengine zaidi ya milioni 9, na deni lenyewe halijaguswa.

Wazee wetu hawakusoma semina, lakini walijenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu mabati. Wazungumzaji wa semina huicheka njia hiyo kwa kuwa ni ya polepole. Hesabu tuliyoifanya inaonyesha kwa nini njia hiyo imedumu: anayejenga kwa fedha yake hailipi benki riba, na kodi ya pango anayoipokea ni yake. Mwalimu anayekuficha hesabu hii hajakufundisha uwekezaji, hata kama ameipamba vipi picha ya nyumba ubaoni.

Upungufu wa pili wa kozi hizi ni kwamba hazigusi, au hugusa juu juu tu, kitu kinachozamisha wanunuzi wengi wa huku, nacho ni aina ya umiliki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua mifumo minne: ya kimila, ya umilikaji huru, ya mailo na ya ukodishaji. Katika eneo letu, ambako mailo imeenea, mtu anaweza kushika hati safi kabisa mkononi, na bado juu ya ardhi hiyo kuna familia zenye vibanja ambazo sheria inazilinda. Mkaaji wa kibanja anayetambuliwa na sheria hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama, na sababu yenyewe ni kutolipa busuulu. Vilevile anayenunua kibanja amenunua haki ya ukaaji; hajanunua hati, na mauzo hayo yanahitaji ridhaa ya mwenye ardhi. Tena, nyumba ambayo familia inaishi, au shamba linaloilisha, haliuzwi kihalali bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Ni mara ngapi tumeitwa usiku kutuliza ugomvi ambao mzizi wake ni saini moja iliyokosekana!

Kwetu sisi wa mpakani kuna jambo la tatu. Husikika ikisemwa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungua milango yote, kwamba Mganda anaweza kununua Missenyi na Mtanzania anunue Kyotera kama aliye kwao. Si kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema katika ibara ya 15 kwamba umiliki na matumizi ya ardhi yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Sheria hizo zinasemaje? Nchini Uganda, asiye raia anaweza kukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Hapati mailo wala umilikaji huru. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 nayo imeweka ukomo wa miaka 99 wa ukodishaji kwa asiye raia. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 mgeni hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa kupitia mamlaka zinazohusika. Mganda anayempa fedha mwanakijiji wa ng'ambo akaandikiana naye karatasi chini ya mwembe anaweza kujikuta amenunua urafiki tu. Siku urafiki ukiisha, hana pa kushika. Ikiwa kozi inauzwa kwa watu wa mpakani na haina somo hili, basi aliyeiandaa hakuwafikiria watu wa mpakani.

Hata hivyo, ndugu zetu, haki ni kusikiliza pande zote. Wapo watakaosema: elimu ni mali, na mwalimu naye anakula. Maarifa yaliyotawanyika bure katika ofisi kumi, mtu akiyakusanya na kuyapanga vizuri, je, hastahili malipo? Tunakubali kwamba anastahili. Wala hatusemi kwamba kila anayefundisha kwa ada ni tapeli. Mkulima anayelipa ada ya haki kwa siku moja ya kufundishwa na wakili au mpima ardhi aliyesajiliwa, akajua kusoma ramani ya kiwanja na kuuelewa mkataba wa mauziano, amepata thamani ya fedha yake. Kijana anayetaka kuifanya kazi ya ardhi kuwa riziki ya maisha ana vyuo halali: Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha uchumi wa ardhi, Entebbe kuna chuo cha upimaji na usimamizi wa ardhi, na ng'ambo ya mpaka kuna Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam pamoja na vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro. Huko ada ni ya miaka, na jasho ni la miaka, lakini cheti chake kinampa mtu kazi. Cheti cha semina ya siku tatu hakimruhusu mtu kupima kiwanja, kuthamini nyumba wala kuandika hati.

Basi tofauti iko wapi? Kwa maoni yetu, ada ina thamani pale inapomlipa mwalimu kwa ajili ya ujuzi unaoweza kutajwa kwa jina na kupimwa. Ada haina thamani pale inapolipia hisia, au nafasi ya kuwa karibu na tajiri, au haki ya kupanda daraja jingine. Tena, uzito wa ada upimwe kwa mfuko wa anayelipa. Mtu mwenye akiba ya shilingi milioni 4 ya kununulia kiwanja, akitoa milioni 3 kwa semina, atatoka akiwa na elimu ya kununua na asiwe na cha kununulia.

Kabla ya kulipa, tunawashauri muulize maswali haya, tena muulize mbele ya watu:

Kwanza, mwalimu huyu anaishi kwa ardhi yake au kwa ada zetu? Kama mbinu zake zinaleta faida anayoitangaza, aonyeshe angalau mali moja iliyo katika jina lake kwenye sajili ya ardhi. Upekuzi wa hati katika Ofisi ya Ardhi ya Kanda, kama ile ya Masaka, gharama yake haifiki bei ya mbuzi mmoja.

Pili, taasisi yake imesajiliwa wapi, na kwa kazi gani? Cheti cha kusajili kampuni si kibali cha kuendesha chuo. Vyuo vya elimu ya juu vina baraza lake la taifa linalovisimamia, na jina la chuo huweza kuulizwa huko.

Tatu, je, mwalimu huyo huyo ndiye anayeuza viwanja? Mwalimu anayewapa wanafunzi wake "bei ya upendeleo" katika viwanja vyake mwenyewe amevaa kofia mbili. Mwanafunzi anayemwamini mwalimu hupata haya kumdai muuzaji hati.

Nne, je, analipwa anayeleta wengine? Ukiambiwa kwamba ada yako itarudi ukiwaleta watu watano, fahamu kwamba biashara imekwisha kuacha ardhi na imegeuka kuwa mchezo wa upatu unaoliwa na wa mwisho.

Tano, mkataba uko wapi, na unasemaje juu ya kurudishiwa fedha? Ubebe nyumbani, uusome na mtu mwingine, ulale nao. Anayekwambia kwamba nafasi zinakwisha jioni hii anaogopa asubuhi yako. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Na kama umekwisha kulipa? Usinyamaze kwa aibu. Aibu ndiyo ngao ya tapeli. Hifadhi kila kitu: risiti, ujumbe wa malipo ya simu, tangazo, sauti zilizotumwa katika kundi, majina ya waliokaa nawe ukumbini. Usifute ujumbe kwa hasira. Andika mapema, wakati kumbukumbu bado ni mbichi, maneno gani yalisemwa, na nani, siku gani. Omba fedha yako kwa maandishi, na usitie saini karatasi inayokuzuia kwenda polisi au kusema ukweli. Kisha njoo kituoni. Ikiwa maneno yaliyokushawishi ni ya uongo juu ya jambo lililokuwapo, tutafungua jalada. Ikiwa ni suala la mkataba, tutakwambia ukweli huo bila kukuzungusha na kukuelekeza kwa wanaotoa msaada wa kisheria, wakiwemo Justice Centres Uganda, FIDA Uganda na mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili. Mhusika akiwa amevuka mpaka, toa taarifa mahali ulipolipia fedha. Polisi wa nchi zetu wana njia za kushirikiana, lakini njia hizo huhitaji jalada lenye ushahidi, na jalada huanza na mlalamikaji.

Wenyeviti wa vijiji, kwenu tuna ombi la pekee. Mnapoombwa kibali cha ukumbi au kupigiwa simu mpeleke watu semina, ombeni kwanza majina kamili ya waandaaji, anwani ya ofisi yao na nakala ya usajili wao, na mtujulishe. Na mnapoletewa karatasi ya mauziano ya ardhi mtie muhuri, muhuri wenu uwe wa mwisho, baada ya majirani kuitwa, mipaka kukanyagwa kwa miguu, na mke au mume wa muuzaji kusimama na kusema neno lake. Mwananchi anayeshuhudia kazi hiyo ikifanyika vizuri mara mbili au tatu amepata somo zuri la ardhi, na hakutoza mtu senti.

Nanyi vyama vya akiba na mikopo, mnayo haki ya kumwuliza mwanachama mkopo wake ni wa nini. Wakili au mpima ardhi akialikwa katika mkutano wenu, na ada yake ikagawanywa kwa wanachama wote, kila mmoja atalipa kidogo kuliko nauli ya kwenda Kampala, na atauliza maswali yake kwa lugha yake, juu ya kiwanja anachokijua. Ofisi yetu iko tayari kusaidia kupanga kikao cha namna hiyo kwa kila kijiji kitakachoomba, na polisi hawatozi ada kwa kazi hiyo. Atakayewatoza kwa jina letu, mleteni kwetu.

Kwa hiyo, kwa aliyeuliza kama mafunzo haya yanafaa kulipiwa, jibu letu ni hili: yale yanayofundisha ujuzi unaotajika, kwa ada isiyogusa karo wala akiba ya kiwanja, kutoka kwa mtu anayejulikana na kusajiliwa, yanafaa. Yale yanayouza ndoto kwa madaraja, tena kwa mkopo, hayafai, hata yakitolewa katika ukumbi mzuri namna gani. Ukibaki na shaka, pita kituoni kabla hujalipa. Kuuliza si ujinga, na kwetu kuuliza ni bure.

 Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na akina mama walioketi nyuma.